Eti vidole vyangu VINENE! Huyu jamaa wa skrini atanitoa roho

Wakuu nimetoka shifti sasa hivi hata viatu sijavua. Yule jamaa mnamjua, fundi wa kuprogramu mashine, kila kiwanda anaye, yule wa laptop na kikombe cha kahawa, anakuja mara moja kwa mwezi anaongea na paneli kama anabembeleza mchumba. Leo kaniambia vidole vyangu vinene. Mbele ya mabinti wa lebo!!

Sisi tunajaza maji ya chupa. Zamani mashine ilikuwa na vitufe, kijani unawasha, chekundu unazima, hata usingizini unaviona. Akaja akang'oa vyote akaweka skrini ya kugusa, eti kisasa. Sasa ile skrini ni kama ya simu, ukivaa glavu haikujui, ukivua glavu watu wa ubora wanakuandikia barua, mkono ukiloa (tunajaza MAJI jamani, tuloe nini, uji?) inajibonyeza yenyewe. Leo matone yameirukia ikaingia kwenye lugha, mashine nzima ikawa Kichina. Kichina changu kinaishia ni hao.

Chupa zinalundikana kule mwisho mlima Kilimanjaro, nabonyeza kale kapicha ka kusimamisha, kanaleta kiboksi, nahisi kinauliza nina uhakika, nabonyeza kulia, nabonyeza kushoto, wapi. Nikakimbilia kile kitufe chekundu cha dharura, hicho alisahau kung'oa, nikakipiga kofi la maisha. Jamaa akaja, akagusa mara moja na kidole chake laini kama cha bibi harusi, ikatii. Akanigeukia, "tatizo sio skrini kaka, vidole vyako vinene". VINENE. Vidole hivi vimelima mpunga vikasomesha wadogo zangu watatu! Binti mmoja kacheka hadi kabandika lebo juu ya kizibo.

Mla Bisibisi: Weka picha ya vidole tuhukumu.

Kipozamataza: Ndizi mzuzu hizo 😂😂

Fundi Rilei: Utani pembeni, mmewekewa skrini isiyo ya mahali hapo. Zipo za kukandamiza, zina tabaka mbili zinakutana ukibonyeza, hizo glavu hazisumbui. Ubaya zikichakaa unagusa hapa inaitika pale mpaka uikalibreti upya, yaani uifundishe tena unagusa wapi. Halafu angalia, hicho chekundu kimevutwa waya moja kwa moja kwenye saketi ya usalama, ile inayoikata mashine yenyewe, au kinapitia programu? Maana skrini ikiganda, mashine haisimami, yenyewe inaendelea tu na kazi.

Mwenye uzi: Mkuu sijauliza waya. Nimeambiwa VINENE.

Baharia Mstaafu: Shukuru ni chupa. 2017 manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapuri, mabaharia 10 wakafa, skrini za kugusa za usukani ziliwachanganya hata hawajui nani ameshika meli. 2019 jeshi lao likasema linarudisha vishikio vya mkono. Wamarekani hao, na vidole vyao vyembamba.

Mama Shifti: Nyie mnadeka. Sisi huku kiwanda cha unga, jamaa wetu wa skrini kaweka paswedi, ukikaa dakika mbili hujagusa inakutoa nje, na yeye usiku simu kazima. Tumeiandika na maka peni pembeni ya skrini.

Mla Bisibisi: Ni 1234.

Mama Shifti: We umejuaje??

Mla Bisibisi: Viwanda vyote ni 1234 dada.

Mwenye uzi: Jamani uzi ni wa vidole

Kipozamataza: Subiri kwanza ndizi. Mama Shifti, hapo kwenye unga posho ya usiku ipo? Kwetu tunapewa chai ya rangi na andazi la juzi.

Mama Shifti: Posho hamna, ila kwa ajili ya vumbi tunapewa maziwa, pakiti moja kila shifti.

Fundi Rilei: Mnapewa maziwa?!

Mla Bisibisi: Nafasi zipo hapo?

Mwenye uzi: Pakiti ya nusu lita au robo?