Kuomba masters ya uhandisi ukiwa mwaka wa mwisho: hii mifumo imetengenezwa kumkomoa nani?

Wakuu, nimevumilia hadi nimechoka, leo acha niseme.

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya masters na PhD za uhandisi kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari. Aliyepanga hivyo kasahau kabisa mwaka wa mwisho ulivyo. Desemba ndipo mradi unagoma, mitihani imekaribia na msimamizi anadai sura ya tatu. Wakati huohuo ukae uandike kurasa mbili za kueleza utafiti utakaoufanya miaka mitano mbele, na saketi yako ya sasa haijawahi kuwaka hata mara moja.

Hayo ya insha nayameza. Kinachonitoa roho ni barua za mapendekezo.

Wanataka barua tatu. Jamani, mwanafunzi ambaye hajamaliza shahada ya kwanza atoe wapi watu watatu wanaomjua kiasi cha kumwandikia? Anayenijua ni msimamizi wa mradi, basi. Wengine wamenifundisha kwenye ukumbi uliojaa watu hadi mlangoni, jina langu wanaliona kwenye orodha ya matokeo tu. Halafu fomu inamtaka mhadhiri aseme kama niko kwenye asilimia 5 ya juu au 10 ya juu kwa ubunifu, kwa uvumilivu, kwa uwezo wa kutafiti peke yangu. Atajuaje? Mmoja akanimalizia kabisa: "Andika wewe mwenyewe, niletee nipitie." Na kwenye mfumo uleule nilishaweka tiki kwamba naachia haki yangu ya kuisoma barua hiyo. Yaani nimeahidi kutoisoma barua niliyoagizwa kuiandika!

Subirini, kuna la barua pepe. Chuo kimoja hakipokei anwani ya Gmail ya referii, yaani mhadhiri anayekuandikia barua, kinataka ya chuo chake. Sawa, nikaijaza ya chuo. Ila ile ya chuo dokta haifungui, kila mtu kwenye idara analijua hilo. Kiungo cha kupakia barua kikatumwa, kimya. Nikabonyeza kumkumbusha, kimya. Nikamfuata ofisini.

"Kijana, mimi sijaona kitu."

"Dokta, naomba uangalie kwenye spamu."

Akaangalia kwenye Gmail.

Tukija kwenye matokeo, ndiyo wehu mtupu. Unapakia transkripti yenye muhuri, PDF safi, kila kitu kimo. Ukurasa unaofuata unakwambia ujaze kozi zote kwa mkono, moja baada ya nyingine: jina, msimbo, krediti, alama, muhula. Kozi za miaka yote! Kama mtazijaza upya, PDF mnaitakia nini? Chini kuna onyo usibadilishe GPA yako, yaani wastani wa alama, iandike kama chuo chako kilivyoitoa. Mimi GPA yangu ni ya kipimo cha 5. Kisanduku hakipokei kitu kinachozidi 4.0. Nikawaandikia, jibu likaja kwamba maelezo yote yapo kwenye tovuti.

GRE nayo, ule mtihani wa kuombea masters na PhD. Tangu janga la 2020 idara nyingi za uhandisi zimeiondoa, nawashukuru. Zilizobaki zinaandika "si lazima". Si lazima maana yake nini? Mwenye 168 ya hesabu ataipeleka, asiyeipeleka atafikiriwa vipi? Semeni mnaitaka au hamuitaki, mtu ajue kama aanze kukariri misamiati au arudi maabara. Mtihani wenyewe tangu Septemba 2023 umefupishwa, sasa hauzidi saa mbili. Ukishaufanya, unatuma matokeo bure kwenye vyuo vinne tu utakavyochagua siku hiyohiyo. Cha tano unalipia. TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, sitaki hata kuigusa, nimesoma shahada nzima kwa Kiingereza na bado nithibitishe.

Ada ya maombi hairudishwi, hata faili lako likikosa barua moja na lisisomwe na mtu yeyote. Hapo ndipo damu inachemka. Umelipa, umejaza, umepakia, kisha hatima yako iko kwa mtu anayesema hajaona kitu.

Na tuseme umepita. Majibu ya ufadhili kwa kawaida una hadi Aprili 15 kuyakubali. Kampuni iliyokupa kazi haitangoja hiyo Aprili, inataka jibu wiki hii. Uchague uhakika au ndoto, huku hujajua hata kama mradi utapita.

Naomba aliyewahi kubadilisha referii baada ya kutuma maombi aniambie aliwaandikia nini wakakubali. Na wewe dokta, kama umo humu, mwisho ni kesho saa 5:59 usiku kwa saa za kwao, si za kwetu. Kiungo kiko kwenye ile anwani ya chuo.