Kwa baiskeli hadi Malindi na kulala kwenye machela: nifunge vipi, na chini ya miti gani?

Mpanda Baiskeli wa Kisauni aliuliza:

Assalaam aleikum ndugu na dada zangu.

Mimi ni mkaazi wa Kisauni, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikienda kazini kwa baiskeli kupitia Daraja la Nyali. Mwezi wa Agosti, panapo majaliwa, ninanuia kuiendesha baiskeli hiyo hiyo hadi Malindi, mwendo wa takriban kilomita 120, kwa siku tatu zisizo na haraka, nikilala njiani mara mbili. Badala ya hema nimenunua machela, yaani ile bembea ya kitambaa ifungwayo baina ya miti miwili. Najua kwamba wengi wetu tukisikia machela hufikiria kitanda cha kubebea wagonjwa, lakini sijapata jina lililo bora zaidi. Nimeichagua kwa sababu haifiki kilo moja pamoja na kamba zake, na kwa sababu ardhi ya pwani yetu mahali pengi ni mwamba wa matumbawe ambao vigingi vya hema havipenyi.

Wiki iliyopita niliijaribu katika shamba la ami yangu. Niliifunga kati ya minazi miwili, nikaivuta kamba mpaka ikakazana kabisa, nikidhani kwamba kadiri inavyokazwa ndivyo itakavyokuwa tambarare. Niliamka alfajiri mabega yamebanwa, kiuno kinauma, na mgongo wote umeumwa na mbu ingawa nilikuwa nimejifunika chandarua kwa juu. Naomba mwenye ujuzi anieleze kosa langu liko wapi, na pia anishauri ni wapi baina ya Mtwapa na Malindi ninapoweza kulala bila kumkosea mtu.

Fundi wa Majengo alijibu:

Waaleikum salaam. Kosa la kwanza, ndugu yangu, ni huo mkazo. Machela haikuundwa kukazwa. Inatakiwa ilegee na kujipinda kama ndizi. Mtu wa kilo 70 akilala huku kamba zikiwa zimeinama digrii 30 kutoka usawa wa ardhi, kila upande hubeba mvuto wa takriban kilo 70. Ukiikaza mpaka mwinamo ukabaki digrii 10 tu, mvuto huo hupanda hadi kufikia kilo 200 kwa kila upande, na hapo ndipo kamba hukatika, kitambaa huchanika, na magome ya mti huchubuka. Ili kuupima mwinamo bila kifaa chochote, nyoosha kidole gumba juu na kidole cha shahada mbele, kisha uweke mkono sambamba na kamba, gumba likiwa upande wa mti: kamba ikipita kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya shahada, uko karibu na digrii 30.

Machela ikishalegea, usilale kwa kuufuata mstari wake wa katikati. Lala kimshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande wa pili, nawe utashangaa jinsi mgongo unavyonyooka. Watu wengi huikataa machela kwa sababu hawakuwahi kuelezwa jambo hili moja. Tafuta miti iliyoachana mita nne hadi tano, na ufunge kwa mikanda mipana ya kufungia mizigo ya malori, kwa kuwa kamba nyembamba hukata gome, na ile ya nailoni hurefuka usiku kucha hadi ukajikuta umegusa chini.

Kuhusu mbu, chandarua cha kutupia juu hakitoshi. Mgongo wako umekigandamiza kitambaa, na mbu huchoma kutoka chini bila taabu. Tumia chandarua kinachoizunguka machela pande zote, chini pia, au utandike godoro jembamba la sponji ndani yake. Godoro hilo lina faida ya pili: Agosti upepo hupita chini ya machela na kuichukua joto ya mwili, kiasi kwamba hata hapa pwani mtu huamka saa tisa za usiku akitetemeka. Pwani yetu ina malaria, kwa hiyo usilichukulie suala la mbu kuwa ni la kero peke yake.

Binti wa Takaungu alijibu:

Ahsante, Fundi, lakini mbona umelipita jambo kubwa kuliko yote? Kaka, tafadhali usilale tena chini ya mnazi. Nazi iliyokomaa pamoja na kumbi lake huweza kuzidi kilo moja, na huanguka kutoka kimo cha mita 15 au 20 bila kutoa ishara. Hata kuti kavu peke yake lina uzito wa kumuumiza mtu. Sisi tuliokulia mashambani tulikatazwa na wazee hata kuketi hapo. Tafuta mwembe, mkorosho mkongwe, mwarobaini au mivinje, na kabla ya kufunga chochote tazama juu kama kuna tawi kavu, kisha tazama shinani kama kuna njia ya siafu. Mbuyu uache: shina lake ni pana mno kwa mikanda yako, na mara nyingi mna nyuki ndani.

Sasa niseme kama mwenye shamba. Mwaka jana, upande wetu wa Takaungu, vijana wawili walifika gizani na kufunga machela zao miembeni bila kubisha hodi kwa mtu yeyote. Huku wizi wa nazi hufanyika usiku. Mlinzi alipoona mwanga wa tochi alipiga filimbi, kijiji kikaamka, watu wakatoka na mapanga, na wale vijana waliokoka kwa sababu tu mmoja wao alijua kuamkia wazee kwa Kigiriama. Walitetemeka mpaka asubuhi, na sisi tulisikitika, kwa maana wangekuja saa kumi za jioni wangepewa chakula na mahali palipo salama zaidi. Kila mti unaouona kutoka barabarani una mwenyewe. Jua hutua karibu saa kumi na mbili na nusu, basi hakikisha umekwisha kupiga hodi saa mbili kabla yake. Mwulize mwenye nyumba, naye atakupeleka kwa mzee wa kijiji. Usitangulize pesa. Nunua madafu, kaa, zungumza.

Pana mahali ambapo hata ruhusa ya jirani haitoshi. Misitu ya kaya, yaani mahali palipokuwa makazi ya kale ya mababu, ni mitakatifu kwa Wamijikenda, na kadhaa kati yake ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Usifunge hata uzi humo. Vilevile, ukishapita Matsangoni kuelekea Gede utaufuata ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao una ndovu. Miti yake itakuvutia, lakini huo ni msitu wa hifadhi, na mlango wake una askari na ada. Kwa usiku wako wa pili ni afadhali uvuke, ulale Gede au Watamu.

Mpanda Baiskeli wa Kisauni aliandika:

Nawashukuru sana. Dada, habari ya minazi imenishtua, kwa maana nililala hapo saa saba nzima. Nimekwisha kununua mikanda, na jana nimelala kimshazari kati ya miarobaini miwili bila maumivu. Limebaki moja: kurudi nako niendeshe, au nipande basi?

Mzee wa Pampu alijibu:

Panda basi, mwanangu. Agosti ni kusi: upepo utakusukuma kutoka Mombasa hadi Malindi, na ukigeuza baiskeli utakukabili usoni siku nzima, mkali zaidi baada ya adhuhuri. Wanaotaka kuendesha kuelekea kusini hungoja kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi.

Mizigo ifunge chini, pande mbili za karia, uzito ukiwa sawa, wala usibebe begi mgongoni. Chukua tyubu mbili, viraka, gundi na pampu, kwa sababu baina ya Vipingo na Kilifi kuna masafa marefu ya mashamba ya mkonge ambako hutampata fundi. Toka Kisauni mara baada ya sala ya alfajiri, ili uwe umekwisha kuvuka daraja la Mtwapa kabla ya matatu na malori kujaa barabarani. Turubai la mvua lifunge juu ya machela hata mbingu ikiwa nyeupe, kwani manyunyu ya kusi huja usiku, na kwenye kila mkanda fungia kijiuzi cha pamba kinachoning'inia, ili maji yatiririkayo kutoka mtini yadondoke hapo badala ya kukufikia kitandani.