Barua ya Veterinäramt na kizimba cha mbwa anayekua

Kutoka: Mama Pacha (Braunschweig)

Ndugu zangu, salaam.

Naomba msaada wa wenye uzoefu, kwa kuwa muda niliopewa ni mfupi. Nimepokea barua ya Anhörung, yaani wito wa kujieleza, kutoka Veterinäramt, ofisi ya mifugo na ustawi wa wanyama ya hapa kwetu Ujerumani. Inaeleza kwamba mtu ambaye hakutajwa jina amelalamika kuwa mbwa wetu hufungiwa kizimbani kwa saa nyingi kila siku, na kwamba hulia hadi sauti ikasikika ngazini. Ninatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya wiki mbili.

Mbwa mwenyewe anaitwa Bosi, ni chotara wa Labrador, ana umri wa miezi saba. Alipokuwa mdogo, mkufunzi mwenye kibali cha §11 ya TierSchG, sheria ya ulinzi wa wanyama, alitushauri tumzoeshe kizimba, na kwa kweli kilitufaa: alijifunza kujizuia mpaka atolewe nje, hakutafuna nyaya za umeme, na usiku alilala bila usumbufu. Sasa amekua. Akisimama, mgongo unagusa vyuma vya juu, na akitaka kujigeuza hana budi kujikunja. Jioni huingia mwenyewe bila kuitwa akalala mlango ukiwa wazi. Asubuhi ni mambo mengine kabisa, kwa maana akisikia tu mlio wa funguo huenda kujificha nyuma ya kochi. Mimi niko Frühschicht, zamu ya asubuhi, na mume wangu akishaondoka Bosi hubaki peke yake hadi nitakaporudi mchana.

Je, tununue kizimba kikubwa zaidi, au huu ndio umri wa kuachana nacho? Na kwenye Stellungnahme, yaani majibu yangu ya maandishi, niandike nini? Hundesteuer (kodi ya mbwa) tunalipa, Haftpflicht (bima ya madhara kwa wengine) tunayo, Sachkundenachweis (mtihani wa ujuzi wa kufuga mbwa) ya nadharia nimefaulu na ya vitendo bado.

Kutoka: Nahodha (Kiel)

Dada yangu, pole, lakini usibabaike. Anhörung si hukumu. Wanakupa nafasi ya kusema kabla hawajaamua lolote.

Kuhusu kizimba, nunua kikubwa zaidi na jambo limekwisha. Mbwa wangu, wa aina ya German Shepherd, alilala humo mpaka akawa mbwa mzima, na hadi leo ukimfungulia hatoki. Watu husahau kwamba mbwa mchanga hulala sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo huyo wako angelala tu hata kama ungemwachia nyumba nzima. Kipimo chake ni kwamba aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, ajigeuze bila taabu, na alale amenyoosha miguu. Kikizidi sana atafanya pembe moja choo, na ndiyo sababu vinavyouzwa vina ukuta wa ndani unaosogezwa kadiri anavyokua. Kuhusu muda, chukua umri wake kwa miezi uongeze mmoja, utapata saa anazoweza kukaa. Miezi saba ni saa nane. Hakuna sheria uliyovunja.

Kutoka: Mkalimani (Göttingen)

Nimesoma ujumbe wa Nahodha mara mbili nikitumaini kwamba ni mzaha.

Kwanza, hesabu ya miezi na saa inahusu kibofu cha mkojo, tena inataja kikomo cha juu ambacho mtu hapaswi kukivuka. Haisemi lolote kuhusu akili ya mnyama, wala misuli na viungo vya mbwa ambaye mifupa yake bado inakua.

Pili, TierSchHuV, kanuni ya Ujerumani ya ufugaji wa mbwa, ipo, na tangu Januari 2022 imekazwa zaidi. Mbwa anatakiwa kutolewa nje angalau mara mbili kwa siku, kwa jumla ya saa moja au zaidi, na kuwa na mtu wake mara kadhaa kila siku. Akiwekwa Zwinger, yaani banda lenye uzio, eneo linapimwa kwa kimo chake mabegani: hadi sentimita 50 ni mita za mraba 6, kuanzia hapo hadi sentimita 65 ni mita za mraba 8, akizidi hapo ni 10, na hakuna upande unaoruhusiwa kuwa mfupi kuliko mita 2. Labrador dume hufika sentimita 56 au 57, kwa hiyo Bosi yuko kundi la mita 8. Kizimba kikubwa cha dukani, chenye sentimita 106 kwa 71, hakifiki hata mita moja ya mraba. Dada akinunua kikubwa zaidi kisha akakitaja kwa fahari kwenye Stellungnahme, atakuwa amewaandikia maafisa mashtaka.

Kutoka: Nahodha (Kiel)

Mkalimani, na wewe umesoma nusu. Vipimo hivyo ni vya Zwinger, yaani banda la nje. Kizimba kilichomo sebuleni kwa mtu si Zwinger. Chumba cha kuishi binadamu kinadaiwa mwanga wa jua na hewa safi tu. Tafadhali usimtishe dada wa watu.

Kutoka: Mkalimani (Göttingen)

Sebule ndiyo chumba cha kuishi. Kizimba kilichofungwa kwa komeo ndani ya sebule si sebule tena, maana mbwa hawezi kuifikia hiyo sebule. Katika mazungumzo niliyokalimania ofisini, maafisa hawakubishana kuhusu jina la kitu. Waliuliza mlango hufungwa au haufungwi, kwa muda gani, na kwa sababu gani. Kumsafirisha kwa gari, au kumtuliza kwa agizo la daktari baada ya upasuaji, hakukuwaletea shida. Kumfungia kila siku ya kazi ndiko kulikowafanya wafungue §2 ya TierSchG, inayokataza kumbana mnyama asijongee kiasi cha kupata maumivu au madhara yanayoepukika.

Kutoka: Binti Pwani (Malmö)

Naomba radhi kuingilia mambo ya Ujerumani, lakini huku Sweden mjadala huu usingefika mbali. Kumfungia mbwa kizimbani nyumbani hairuhusiwi, hata usiku. Kizimba ni cha safari na hali chache zilizotajwa, kama vile mashindano. Tena mchana mbwa anapaswa kutolewa kujisaidia angalau kila baada ya saa sita, na mchanga au mzee mara nyingi zaidi. Mwanzoni niliona ni ukali usio na maana, nikashangaa jinsi majirani wanavyolea mbwa watulivu bila kizimba chochote. Siri yao kubwa ni kwamba hawamwachi peke yake mapema. Wanapeana zamu, au wanampeleka kwenye kituo cha kutunzia mbwa mchana, na gharama yake inauma.

Kutoka: Muuguzi wa Zamu (Leipzig)

Mama Pacha, shikamoo. Hawa wakubwa wanapigania vipimo na hakuna aliyekuuliza mbwa anafanya nini mlango ukishafungwa.

Toa trei ya chini uitazame mwangani. Ukikuta mikwaruzo imejazana upande wa mlango, huyo hakuwa akilala. Tazama kucha za mbele kama zimepasuka, na meno ya chonge kama ncha zimelika kwa kuguguna chuma. Pitisha mkono kifuani na chini ya kidevu mara tu ukirudi kazini. Manyoya yaliyolowa mate wakati chumba si cha joto ni dalili ya hofu, si ya kiu. Halafu weka simu ya zamani irekodi. Mbwa anayelalamika dakika chache, akapiga miayo, akalala, huyo anachukizwa tu. Anayehema kwa nguvu, kuzunguka na kulia kwa sauti isiyobadilika mpaka mtu arudi, huyo amepatwa na kiwewe cha kuachwa peke yake, na kumfungia mahali pembamba kunakizidisha. Wapo wanaovunja meno humo. Na hata kabla ya kurekodi, mvue mkanda wa shingo kila anapoingia, kwa kuwa pete yake ikinasa kwenye vyuma anaweza kujinyonga.

Kwa maelezo yako, kizimba hakimtishi, kwani jioni anakiingia mwenyewe. Kinachomtisha ni asubuhi: funguo, mlango, nyinyi kuondoka. Ndiyo maana sikubaliani na Nahodha kwamba kikubwa zaidi kitatibu, wala sikubaliani na anayedhani kukitupa kutatibu. Ukikiondoa leo na kumwachia nyumba nzima, ataguguna fremu za milango badala ya vyuma, na kelele itakuwa ileile.

Mimi nilifanya hivi. Nilikiacha mahali pake nikaung'oa mlango kabisa, nikafunga kigeti cha kuzuia watoto kwenye mlango wa jikoni, nikaondoa nyaya, sabuni na pipa la taka. Nikaanza kushika funguo na kukaa tena mezani bila kwenda popote, mpaka akaacha kuinua kichwa. Baadaye nikawa natoka na kurudi kabla hajaanza kulia, na muda nikiuongeza kidogo kidogo, siku nyingine nikiupunguza ili asizoee kwamba kila mara ni mrefu kuliko jana. Kipindi hicho chote hakuachwa peke yake kwa saa za zamu nzima, kwa kuwa siku moja ya kiwewe hurudisha kazi ya wiki nyuma. Mwanafunzi wa jengo letu alikaa naye kwa malipo kidogo.

Jambo moja la kumtetea Nahodha: usiache kabisa kumzoesha kulala kizimbani. Siku akihasiwa au akitegua mguu, daktari atataka atulie mahali padogo, na aliyesahau kizimba atateseka mara mbili. Ila umri huu, tangu miezi sita hadi mwaka na nusu hivi, ni wa utukutu; usitarajie kwamba aliyejifunza jana atakumbuka leo.

Kutoka: Mzee wa Bremen

Wanangu, nawasoma na kustaajabu. Kwetu mbwa hakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba. Mchana alifungiwa bandani nyuma, usiku akafunguliwa alinde, na alfajiri ulimsikia akikwaruza bati ili arudishwe kivulini. Hakuna aliyemuuliza kama ana kiwewe. Sisemi kwamba lilikuwa jambo jema. Yule wa baba yangu alikuwa mkali hata kwetu tuliomlisha, na sasa ndiyo naanza kuelewa kwa nini.

Linalonikera ni jingine. Jirani ameandika barua moja na ofisi imejibu upesi. Mimi nina barua kule Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, ambayo imelala hadi karatasi zenyewe zimepitwa na wakati. Nilipofika nchi hii tuliwekwa wanne katika chumba kimoja cha Heim, makazi ya pamoja, na sikumwona afisa akija na futi ya kupimia mabega yetu.

Kutoka: Msimamizi

Mzee, shikamoo. Hoja yako ina uzito, lakini tunaomba tubaki kwenye suala la mbwa. Suala la Ausländerbehörde lina uzi wake.

Kutoka: Nahodha (Kiel)

Mzee amesema kweli tupu, na msimamizi amwache aseme.

Muuguzi, nimekuelewa, ila si kila mtu ana mwanafunzi ndani ya jengo. Halafu kuna jambo mmelisahau: kwenye gari, sheria ya barabara inamhesabu mbwa kama mzigo unaopaswa kufungwa usitupwe breki zikikamatwa. Kwa hiyo kizimba lazima kiwepo.

Kutoka: Mkalimani (Göttingen)

Hakuna aliyelisahau. Nililiandika hapo juu, kwenye sentensi kuhusu usafiri. Mkanda wa kifuani unaounganishwa na mkanda wa kiti nao unakubalika, hivyo neno "lazima" halina mahali.

Kutoka: Mama Pacha (Braunschweig)

Nawashukuru nyote. Muuguzi, marahaba, na ahsante ya pekee. Trei niliitoa: mikwaruzo iko upande wa mlango tu, na kucha moja ya mbele imepasuka kwa urefu, nami nilidhani ni kwa kukimbia kwenye changarawe. Tumekubaliana nyumbani kwamba asubuhi hafungiwi tena. Mume wangu ameomba kubadilishiwa saa za kazi kwa muda, na kigeti cha jikoni tumekifunga jana. Katika rekodi ya kwanza alizunguka, akalia, kisha akalala juu ya viatu vyangu vya kazi karibu na kigeti. Sijui kama huko ni kutulia au ni kuchoka.

Swali la barua bado liko palepale. Je, nieleze kwamba tulikuwa tukimfungia na tumeacha, au nieleze tu hali ilivyo sasa? Nikiambatanisha video, si nitakuwa nimewapa ushahidi kwamba analia? Na wakija kukagua bila miadi nami niko zamu, mume afungue au awaombe warudi? Mkalimani, wewe umekaa nao meza moja, naomba unisaidie.

Kutoka: Mkalimani (Göttingen)

Dada, kazi yangu ni kutafsiri wanayosema watu, na kiapo changu hakiniruhusu kutoa ushauri wa kisheria. Ongea na wakili, hasa kama una Rechtsschutz, bima ya gharama za kisheria, lakini soma kwanza masharti yake, kwani nyingine hazigharamii masuala ya Veterinäramt mpaka yafike mahakamani.

Kutoka: Nahodha (Kiel)

Rechtsschutz inagharamia. Yangu iligharamia.

Kutoka: Mkalimani (Göttingen)

Yako ilikuwa ya ajali ya gari, Nahodha. Uliisimulia hapahapa.

Kutoka: Mgeni wa Hannover

Habari za jioni. Ninachukua mbwa mchanga mwezi ujao. Mama Pacha, kile kizimba cha zamani utakiuza? Naomba vipimo vyake, na kama ule mlango wake bado upo.