Kikundi: Ukoo wa Marehemu Ami Khamis (Leipzig, Berlin, Unguja)

Da Rukia 07:12
Assalaam alaykum nyote. Lile sanduku la marehemu la jarida la mashairi Poesiealbum bado liko stoo ya chini, na stoo inatakiwa iwe tupu Jumamosi. Nahitaji wawili wa kubeba na mmoja wa kuandika namba. Nani yupo?

Da Rukia 07:16
Na asitokee wa kuniambia ni vijitabu vya zamani tu. Jarida hili lilianza 1967 Berlin Mashariki, shirika la uchapishaji la Neues Leben. Kila mwezi toleo moja, kila toleo mshairi mmoja, kurasa 32, bei pfenigi 90, yaani senti za huko. La kwanza lilikuwa la Bertolt Brecht. Hadi 1990 yalipita 270. Yetu yanaanzia namba 40.

Da Rukia 09:40
Naona mmesoma. Hakuna aliyejibu.

Idi 09:52
Pfenigi 90? Nipeni mimi sanduku zima, nalipa 91 😂

Mwanaisha 09:53
😂😂

Da Rukia 09:55
Idi, leo Jumatano. Jumamosi ni mtondo.

Seif (Berlin) 10:31
Kabla hamjabeba chochote: msiyafunge kwa raba. Raba ikikauka inagandana na jalada na kulichuna. Na msiyafungue kwa nguvu. Yameshikwa kwa pini mbili za waya kwenye mkunjo, na kwa unyevu wa stoo zimeshika kutu. Karatasi inakatika palepale kwenye pini, na kurasa za katikati ndizo zenye mchoro.

Mwanaisha 10:34
Si tuzing'oe kwa kile kidude cha ofisini?

Seif (Berlin) 10:45
Hapana! Kile kinaondoka na karatasi. Fungua toleo katikati, pitisha kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya miguu ya pini ili kisu cha kuinulia kisiguse karatasi. Inua mguu mmoja mmoja mpaka usimame wima. Geuza upande wa mgongo, ichomoe taratibu. Kutu iliyobaki isugue kwa brashi laini kavu. Maji usitie, maji yanaipeleka kutu ndani ya nyuzi za karatasi.
Kisha shona kwa uzi wa kitani kwa matundu yaleyale: sindano itoke nje tundu la juu, irudi ndani tundu la chini, fundo lifungwe ndani. Usivute sana, uzi unapasua mkunjo.
Na seloteipu marufuku. Gundi yake inageuka njano na haitoki tena.

Idi 10:47
Fundi Seif, mimi nina suruali mbili zinasubiri 😂

Mwanaisha 10:47
Na mimi gauni la Idi 😂

Da Rukia 10:58
Jumamosi saa nne asubuhi. Bado sijapata jina hata moja.
Na jambo jingine. Nimepitia zile picha za migongo, toka 40 mpaka mwisho hakuna pengo ila moja. 89 haipo.

Ami Salum 13:20
89 inajulikana ilikokwenda.

Mwanaisha 13:22
Ami, tafadhali tusianze.

Ami Salum 13:23
Naanza. Siku ya hitima lilikuwepo juu ya meza. Watu walipoondoka, halipo.

Zaituni 13:31
_Ujumbe huu umefutwa_

Tariq 13:40
Samahani jamani, 89 ina nini?

Seif (Berlin) 13:52
Thomas Brasch, 1975. Novemba 1976 serikali ya Ujerumani Mashariki ilimvua uraia mwimbaji Wolf Biermann akiwa Magharibi kwa onyesho. Brasch akatia saini barua ya kupinga, na Desemba akahamia Berlin Magharibi. Kijitabu hicho ndicho alichoacha nyuma, cha pfenigi 90.

Da Rukia 14:05
Na mwanzilishi wa jarida vilevile. Bernd Jentzsch alikuwa Uswisi wakati huo, anakusanya mashairi ya huko. Akamwandikia Honecker, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, barua ya wazi, kurudi kukawa hakuna. Jarida halikufa, alilishika Richard Pietraß mpaka 1979, naye akaondolewa.
Ndiyo maana mpangilio wa namba hauchezewi. Ukilitoa 89 peke yake umempata Brasch, basi. Ukiliacha baina ya 88 na 90 unaona kijana aliyesimama kwenye kibanda cha magazeti aliwekewa nani mwezi huu, nani mwezi uliofuata, na mkono wa mhariri unaonekana. Baada ya mwaka 1976 mkono ni mwingine, na unajua kwa nini.

Zaituni 14:20
Mimi si mwizi. Alinipa mwenyewe, kwa mkono wake.

Ami Salum 14:21
Mbele ya nani?

Idi 14:21
Mbele ya 90, nyuma ya 88 😂

Mwanaisha 14:22
Idi nyamaza, wallahi.

Tariq 16:10
Kwani tusiyape Maktaba ya Taifa hapo Leipzig?

Seif (Berlin) 16:30
Wale wanakusanya kila kinachochapishwa Ujerumani tangu 1913, haya wanayo. Na yao yanasomewa palepale ukumbini, hayaazimwi. Sisi tunataka ya kushikwa na watoto.

Tariq 16:33
Basi mtandaoni yanauzwa mojamoja...

Bi Asya 21:03
Nimesoma yote tangu asubuhi. Marehemu aliyanunua mwezi kwa mwezi, hakuruka. Hayagawanywi na hayauzwi. Zaituni, ulipewa au hukupewa, lilete lishonwe na wenzake. Salum, maneno ya hitima yaishe. Nimemaliza.

Mwanaisha 21:04
Tumesikia Bibi 🙏🏾

Idi 21:06
Shikamoo Bibi. Jumamosi naja kubeba.

Ami Salum 21:30
👍🏾

Da Rukia 21:34
Alhamdulillah, mmoja. Naleta maboksi ya kadibodi isiyo na asidi. Matoleo yasimame wima, yasibanwe wala yasilegee, yakilegea yanapinda mgongo. Mifuko ya plastiki laini msitumie. Karatasi yenyewe ni ya bei nafuu, kingo zimeshakuwa kahawia, kwa hiyo mbali na dirisha na mbali na ukuta wa nje. Unyevu uwe karibu asilimia 50.
Acheni nafasi boksi la mwisho. Mwaka 2007 jarida lilifufuliwa Wilhelmshorst, karibu na Potsdam, na hesabu ya namba ikaendelea. Mapya tunaweza kuyanunua.

Zaituni 22:15
Bi Asya nimekusikia. Nitalituma kwa posta. Kwa mkono wa Salum halipiti.

Da Rukia 22:17
Liweke baina ya kadibodi mbili, bahasha ngumu, lisikunjwe. Unalituma lini?

Seif (Berlin) 22:40
Kwangu pakavu, yanaweza kukaa mpaka tumalize kushona. Ila Jumamosi treni yangu inafika saa nane.

Da Rukia 22:41
Seif, stoo inafungwa saa saba.

Da Rukia 22:58
Na ufunguo uko kwa nani?