Kiwanja cha Masese, Jinja, kando ya ziwa: ninunue, au nivuke Mto Nile niende Njeru?

DerevaWaBombo

Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni Mnubi wa Bombo, Uganda, dereva wa trela. Miaka 22 nimepita Jinja nikitoka Mombasa, zamani juu ya bwawa la Nalubaale, na tangu Oktoba 2018 kwenye daraja jipya. Kila nikivuka nafungua kioo, hata usiku wa manane, nipate ule upepo wa maji. Sasa mgongo umekataa. Desemba nashusha mzigo wa mwisho, na nataka kuhamia huko na mke wangu.

Wiki iliyopita dalali alinipeleka Masese. Kiwanja ni futi 50 kwa 100, kina nyumba ya vyumba viwili, ndani imepakwa rangi, nje haina plasta. Ukisimama mlangoni unaona mitumbwi ya wavuvi. Nilihesabu hatua mwenyewe mpaka majini: 70. Wanataka shilingi za Uganda milioni 68. Dalali anasema kuna watu wawili wengine wanaitaka, nitoe milioni 5 ya kushikilia kabla ya Ijumaa. Binamu yangu naye ananiambia nivuke Njeru, huko ni nafuu. Mke wangu ana presha, ombi lake ni hospitali iwe karibu, basi.

Nina milioni 75. Ndiyo jasho langu lote la barabarani. Nisaidieni.

MamaWalukuba

Waaleikum salaam kaka. Hiyo milioni 5 usitoe. Nakuomba.

Mimi nimezaliwa Walukuba, baba alikuja kufanya kazi kiwandani, na kutoka kwetu mpaka Masese ni mwendo wa mguu. Hatua 70 ni kama mita 50. Kanuni za mazingira zinalinda mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria, na kwa Mto Nile mita 100. Kwa hiyo hata ukipewa hati nzuri yenye mihuri, siku NEMA, mamlaka ya mazingira, wakija na futi yao wewe ndiye utakayekuwa ndani ya mstari. Dalali atakuwa ameshakula zake zamani.

Acha sheria, maji yenyewe je? Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha hapa Jinja, likapita rekodi ya 1964. Mwezi mmoja kabla yake kisiwa kinachoelea kilikatika, kikaenda kukwama kwenye bwawa la umeme, nchi nzima ikalala giza. Shangazi yangu alikuwa na nyumba ya kupangisha huko chini. Aliamka akakuta sufuria zinaelea jikoni. Maji yalikaa miezi. Mpaka leo ukutani kuna mstari, juu kidogo ya goti langu. Juu ya mstari rangi ni nzima. Chini yake plasta unaibandua kwa kucha, na ndani ni unga mweupe wenye unyevu.

Ndiyo maana maneno yako "nje haina plasta" yamenishtua. Haikuwahi kupigwa, au ilibanduliwa? Rudi asubuhi bila dalali. Pitisha mkono kwenye ukuta wa nyuma. Angalia nguzo za ua zimeoza kuanzia wapi. Halafu muulize mama yeyote anayeanika mukene, yaani dagaa, pale jirani maji yalifika wapi. Yeye hauzi kitu, atakwambia.

MkaziNjeru

Mzee, nami niseme ya upande wetu. Ukivuka mto umeingia Buganda, na ardhi nyingi huku ni mailo, yaani ya wenye hati binafsi za zamani. Hicho cha nafuu anachokwambia binamu huenda ni kibanja. Kibanja si hati: ardhi ina mwenyewe, wewe unamlipa busuulu, kodi ya ardhi, kila mwaka, na huwezi kununua bila ridhaa yake. Jirani yangu alinunua kwa karatasi ya LC1, baraza la kijiji, peke yake. Mwenye ardhi alipojitokeza, jirani akalipa mara ya pili. Kama mwenye ardhi anajulikana na anakubali mbele ya mashahidi, sawa, watu wanaishi vizuri. Lakini kwa presha ya mama, ukumbuke hospitali kuu iko ng'ambo, Jinja.

Fundi_Mpumudde

Angalieni Mpumudde. Kumeinuka, ziwa hulioni mlangoni lakini upepo unaupata, na boda mpaka hospitali kuu ni dakika chache. Nyumba za zamani za Wahindi mjini, zile zenye duka mbele na ua nyuma, zinapendeza sana, ila baada ya Amin kuwafukuza 1972 nyingine zimepita mikono mingi. Usiguse bila wakili.

Na kando ya ziwa kuna wale nzi wa ziwani, wanakuja kama moshi. Ukiacha taa ya nje inawaka, asubuhi unawafagia kwa koleo.

DerevaWaBombo

Nimerudi Masese leo saa moja asubuhi. Dada yangu, Mungu akulipe. Ukuta wa nyuma kwenye matofali kuna mabaki ya saruji ya zamani, wameikwangua. Ndani, nyuma ya mlango wa chumba cha pili, rangi mpya imeanza kutoa malengelenge, yote yako chini ya goti. Mama mmoja wa mukene akanionyesha mwembe ulio nyuma ya nyumba. Akasema walikuwa wanafunga mtumbwi pale.

Dalali nimemwambia hapana. Amekata simu.

Fundi, hapo Mpumudde kuna nyumba nimeonyeshwa, milioni 70, ina hati. Nianzie wapi?

MamaWalukuba

Chukua nakala ya hati uende ofisi ya ardhi hapa Jinja wakufanyie upekuzi kwenye daftari lao, uone jina la nani limo na kama benki haijaishikilia. Kisha saveya (mpima ardhi) wako, si wa muuzaji, apime mipaka upya na majirani wakiwepo. Mke wa muuzaji atie saini pia. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa yake. Na usimalize hela zote: ushuru wa stempu ni asilimia 1.5, kwa milioni 70 hiyo ni milioni 1 na elfu 50, bado wakili na saveya. Wateremshe mpaka 66.

DerevaWaBombo

Jumanne niko Jinja, na mke wangu nakuja naye apande mwenyewe hiyo boda mpaka hospitali. Dada, kama una saveya unayemwamini, nitumie namba yake faraghani.