Ameacha pombe, anataka kurudi nyumbani: mke akubali kwa masharti gani?

Dada_Bombolulu
Assalam aleikum wenzangu. Nauliza kwa niaba ya mdogo wangu. Mumewe ni dereva wa tuktuk, ana miezi mitatu na siku kidogo hajagusa pombe. Alipelekwa rihabu (kituo cha kuachisha ulevi), akatoka, sasa anakaa kwa mamake Kisauni, hapa Mombasa. Zamani ilikuwa mnazi kuanzia alasiri, usiku bia ya keg, hesabu ya tajiri (pesa za kila siku za mwenye tuktuk) inaishia huko huko. Mwisho akauza cherehani ya mke, na ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba. Kumpiga hajawahi. Talaka moja aliitamka akiwa amelewa, siku chache kabla ya kwenda rihabu. Watoto ni wawili. Mama mkwe anasema asamehewe, mwanadamu hukosea. Mdogo wangu asema kinyongo hana, lakini kumfungulia mlango anaogopa. "Muombeeni" tumeshaambiwa sana. Nataka kujua yepi yakubaliwe kabla hajaingiza begi lake ndani.

MwanaMajengo
Wa aleikum salam dada. Anzeni na hiyo talaka, kwa sababu ndiyo inayoamua nani ana kauli. Wengi wetu pwani ni Mashafii, na kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu ni kwamba mtu aliyelewa kwa kutaka mwenyewe, talaka yake hupita. Wako wanavyuoni wasioihesabu, kwa hoja kwamba akili haikuwapo. Jambo hili halimalizwi barazani wala humu. Waende kwa Kadhi wote wawili, wamtajie tarehe na maneno yaliyotamkwa, kama yalivyotamkwa, bila kuyapamba.

Ikihesabiwa ni moja, rejea (kumrudia mke bila nikaha mpya) iko ndani ya eda tu: twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi wa hedhi, au mpaka ajifungue kama ana mimba. Ndani ya eda mume aweza kumrejea mke hata bila ridhaa yake. Eda ikipita bila rejea, hana njia ila nikaha mpya, mahari mapya na ridhaa ya mke. Kwa hesabu yako ya miezi mitatu, huenda eda imekwisha, na kama imekwisha basi mdogo wako ndiye mwenye kukubali au kukataa. Ayaseme anayoyataka kabla ya nikaha. Baada ya nikaha atakuwa anaomba. Akumbuke pia kwamba talaka zitakazobaki ni mbili.

Na toba, kwa kuwa mama mkwe ameitaja samahani: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia. Palipo na haki ya mja huongezeka la nne, kuirudisha. Cherehani ni haki ya mja. Mke akitaka kuisamehe ni hiari yake, lakini mkwe hawezi kuisamehe kwa niaba yake.

Nesi_Mikindani
Niingie upande wa afya. Miezi mitatu ni mwanzo mzuri, lakini kitaalamu, kuanzia miezi 3 mpaka 12 bado huitwa nafuu ya mapema. Mwaka mzima ukipita ndipo mtu huhesabiwa ametulia. Kwa hiyo makubaliano yoyote yawe na muda, tuseme miezi sita, kisha wakae tena wayaangalie. "Milele" haipimiki.

Ulizeni anatumia dawa gani, na anaonekana kliniki mara ngapi. Kama ni disulfiramu (kipimo cha kawaida ni miligramu 250 kwa siku), hiyo haiondoi hamu. Kazi yake ni kumfanya mtu augue akinywa: uso kuwaka, moyo kwenda mbio, kutapika, presha kushuka. Kidonge cha kwanza hakimezwi mpaka zipite angalau saa 12 tangu kinywaji cha mwisho, na athari yaweza kutokea hata wiki mbili baada ya kuacha vidonge. Dawa ya kikohozi yenye alkoholi na maji ya kusukutulia mdomo pia humletea shida. Macho yakiwa manjano au mkojo ukawa kama chai ya rangi, arudi hospitali upesi, huenda ni ini.

Sasa sikilizeni hili, maana naliona sana: USIMTILIE MTU disulfiramu kwenye uji au chai bila yeye kujua. Akinywa juu yake aweza kufa. Dawa hii hufaa zaidi mgonjwa akiimeza mbele ya mtu, lakini kwa kukubali mwenyewe, saa moja ileile kila siku. Akishaimeza, imekwisha hapo. Mke asiendelee kunusa mdomo na kupekua mifuko, kazi hiyo itamtia wazimu yeye.

Naltreksoni (miligramu 50 kwa siku) ndiyo inayopunguza hamu. Haitumiwi na mtu aliye kwenye heroini au methadoni (dawa wanayopewa wanaoacha heroini), na kwa mji wetu huu ni lazima swali hilo liulizwe bila haya.

Jambo jingine: usingizi hukatika kwa miezi, na hasira za karibu huwa nyingi. Familia ikimwona amenuna husema "ameanza tena", yeye husema "kwani ya nini kujinyima, nishatuhumiwa". Waambiwe mapema kwamba kununa si kunywa.

Hesabu_ya_Jioni
Watu hujadili moyo wakasahau pesa. Dereva wa tuktuk hushika pesa taslimu kila jioni, na jioni ndiyo saa ya mangwe, pale panapouzwa mnazi. Hapo ndipo pa kurekebisha. Abiria walipe kwa M-Pesa wanaoweza. Hesabu ya tajiri itumwe kabla ya magharibi, gari lilale mapema. Kama steji yake iko karibu na mangwe au wenzake wa zamani ndio walioijaza, ahamie nyingine. Atasema wateja wake wako hapo, na ni kweli, lakini ndipo walevi wenzake walipo pia.

Aandike madeni yote kwa mkono wake: mangweni, dukani, malimbikizo ya tajiri, mikopo ya simu, Fuliza (ule mkopo wa papo hapo wa M-Pesa). Mdogo wako asiyalipe, asimdhamini, namba yake ya simu isitolewe kwa mkopo wowote. Na angalieni Fuliza. Laini yenye deni la Fuliza hukata pesa papo hapo zinapoingia, kwa hiyo ukimtumia kodi ya nyumba kwenye laini yake imekwenda. Kodi itumwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, karo moja kwa moja shuleni.

Cherehani ianze kulipwa sasa, akiwa bado Kisauni. Mia moja kwa siku, siku sita kwa wiki, ni 2,400 kwa wiki nne. Zitumwe kwa mke kila jioni. Wiki anayokosa aseme mwenyewe kabla ya kuulizwa. Mimi ningeziangalia hizo meseji za M-Pesa kuliko machozi yoyote.

Baharia_Likoni
Mwamfanya mtu mfungwa. Mwanamume akiwekewa karatasi ya masharti atachoka aende zake. Akisamehewa na asamehewe, basi.

Nesi_Mikindani
Ndugu Baharia, akichoka na kumeza kidonge na kutuma mia moja, ni heri achoke akiwa Kisauni kuliko akiwa ndani na watoto. Ila nakubaliana nawe kidogo: masharti yasizidi matano, na yasiwe ya kumfedhehesha. Kumtaka atubu mbele ya ukoo mzima, kwa mfano, hakumsaidii mtu.

Dada_Bombolulu
Ahsanteni sana. Tutaanza kwa Kadhi. Sasa nielezeni, akiteleza usiku mmoja itakuwaje? Hapo ndipo mdogo wangu anapokwama. Asema hawezi kurudia yale ya kukesha akibishana naye.

Nesi_Mikindani
Asibishane. Mtu aliyelewa haelewani naye, mazungumzo ni asubuhi. Wakubaliane sasa, wote wakiwa na akili zao: usiku huo atalala wapi (mamake akubali mapema kumpokea, saa yoyote), nani atapigiwa simu, na kwamba harudi ndani mpaka apite kliniki. Tuktuk asiendeshe, watoto asiwabebe. Kuteleza mara moja akasema mwenyewe si sawa na kuficha wiki mbili, na makubaliano yatofautishe hayo. Asijidanganye na mnazi mtamu wa asubuhi pia. Unaanza kuchacha ukiwa bado juu mtini, kileo kimo.

Akirudi kunywa kila siku kwa wiki kadhaa, msimfungie chumbani aache ghafla. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa 6 mpaka 24. Kifafa chaweza kumpata ndani ya saa 48 za kwanza. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo huja siku ya pili mpaka ya nne, na hapo watu hufa. Apelekwe hospitali, Coast General au iliyo karibu, mseme wazi alikuwa akinywa kiasi gani na aliacha lini. Apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, mkumbushe mhudumu bila kuona haya. Na kama alikunywa chang'aa na macho yanaona ukungu, msingoje asubuhi.

Ushauri wa simu wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, bure. Akiinua mkono hata mara moja, pigeni 1195, simu ya ukatili wa kijinsia, na habari ya kurudiana isimame hapo kwanza.

Hesabu_ya_Jioni
Na karatasi ya makubaliano iandikwe nakala tatu. Ya tatu akae nayo mtu wanayemheshimu wote wawili, asiwe mama wa yeyote kati yao.