Naombeni ushauri: Foyle's War inafaa kuangalia na mzee mstaafu wa polisi?

Kitindamimba:
Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Nina jambo dogo linanisumbua.

Mzee wangu ni mstaafu wa polisi, upande wa upelelezi, ana miaka 74. Amevunjika mguu, anashinda sebuleni na magongo yake, na tumeshagombana kuhusu rimoti mara zisizohesabika. Nimemwekea tamthilia za wapelelezi za Kimarekani, dakika kumi haziishi: "Askari gani huyu anafyatua risasi hata salamu hajatoa? Jalada la kesi liko wapi?" Anarudi kwenye taarifa ya habari.

Mfanyakazi mwenzangu kanitajia Foyle's War, tamthilia ya upelelezi ya Waingereza. Ninachotaka kujua: kuna mambo ya kuona aibu mbele ya wazazi? Mama naye anakaa hapo hapo na kanga yake, sitaki ile ya kujifanya nakohoa na kutafuta simu. Halafu huyo jamaa anasema nianzie misimu ya mwisho, ya ujasusi, eti ndiyo imechangamka. Kweli?

Bwana_Foleni:
Polisi mstaafu unamwekea polisi? Sawa na kumkaribisha mpishi wa shughuli kwako halafu umpe wali bokoboko. Naweka kambi hapa nisikie mrejesho.

MamaWawili_Ughaibuni:
Mdogo wangu, mwekee, na usimsikilize huyo mwenzako wa ofisini. Anzia mwanzo kabisa.

Hii kitu ilianza kuonyeshwa ITV Oktoba 2002 ikaisha Januari 2015, epsodi 28 tu, kila moja ni saa moja na nusu na ushee. Mwandishi ni Anthony Horowitz. Foyle mwenyewe (Michael Kitchen) ni mkuu wa upelelezi mji wa Hastings, pwani ya kusini ya Uingereza, ng'ambo ya maji kutoka Ufaransa. Inaanza Mei 1940, Wajerumani wanakuja, kila mtu anatazama baharini. Foyle anaomba aachiwe aende kwenye shughuli za vita, wakubwa wanakataa, abaki na wezi wake na wauaji wake. Hapigi kelele. Anakaa kimya, anakuangalia, anakunja mdomo kidogo, wewe mwenyewe unajikuta unajieleza. Mzee wako atamjua huyo mtu.

Epsodi ya kwanza anauawa mwanamke Mjerumani, mke wa hakimu tajiri. Wageni wengine wa asili hiyo wanakusanywa na kuwekwa kizuizini, yeye kaachwa kwa sababu ya jina la mume. Ndiyo mtindo wake: mauaji ni mlango tu, ukiingia unakuta nani alitumia vita kujinufaisha.

Aibu hakuna ya kukufanya ukohoe. Ila kifo cha huyo mama ni kibaya, waya na farasi, wajukuu wawe wamelala.

Mimi niliwahi kushuka Hastings Jumapili moja. Yale mabanda marefu meusi ya mbao ya kuhifadhia nyavu bado yapo, na mashua zinaburutwa juu ya kokoto mpaka leo. Barabara ya Croft walikopigia picha nyumba ya Foyle nayo ipo. Nilisimama pale kama mjinga na mwavuli.

Kamanda_Mstaafu_Mtarajiwa:
Mimi natoa angalizo. Ni ya taratibu MNO. Nusu saa ya kwanza wanakumwagia watu kumi na tano, hujui nani ni nani, wote makoti. Na Kiingereza cha chini chini. Weka maandishi chini ya kioo, la sivyo mzee atasinzia.

Kuhusu misimu ya mwisho, ile ya London baada ya vita, Foyle yuko MI5, idara ya ujasusi ya Uingereza: siyo mbaya, lakini si ile tena. Ukianzia huko unamkuta mtu hujui katoka wapi.

Nyuzi_za_Zamani:
Nakazia ya dada wa ughaibuni, na naongeza kitu ambacho hamjakigusa: MGAWO.

Mle ndani kuna kuponi, siagi ya kupima, sukari ya kupima, petroli ya kupima, na magendo kila kona. Sam, binti mchungaji anayemwendesha Foyle, ana njaa kuanzia epsodi ya kwanza, akiona chakula macho yanamtoka. Kijana wa leo anaona vichekesho. Sisi tuliopanga foleni ya sabuni na unga baada ya vita vya Kagera tunaona nyumbani. Kaka, kama mzee wako alikuwa polisi 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, huyo ameshainua magodoro ya watu akitafuta sukari. Mwekee zile za magendo halafu wewe nyamaza, utasikia mengine huko.

Nyingine usiikose ni Killing Time. Wanajeshi weusi wa Marekani wapo Hastings, na jeshi lao lenyewe linataka wazungu na weusi watengwe kwenye starehe za mji. Hiyo muiangalie mkiwa mmeshiba, inakera.

Kitindamimba:
Mrejesho, wakuu. Jana tumeangalia mbili mfululizo.

Maandishi nimeweka, shukrani Kamanda. Mzee dakika ishirini za mwanzo alikuwa anahesabu makosa. Ilipofika Foyle anamfuata Milner hospitali, yule kijana aliyepoteza mguu vitani Norway, anamwambia kazi ya polisi bado ipo, mzee aliangalia mguu wake kwenye stuli, hakusema kitu. Rimoti hajaiomba tena. Mwisho kasema tu, "Huyu anajua kuhoji."

Saa mbili usiku akaagiza taa za nje zizimwe, kama vitani. Mama anasema vita gani, anabana LUKU tu.

Halafu nikamchokoza na ya 1983. Nyuzi_za_Zamani, ulijuaje? Kaongea mpaka saa tano. Magunia waliyofukua shambani, madumu ya mafuta ndani ya kisima kikavu, watu wazima wanalia. Akamalizia kwa kifua mbele kwamba yeye katika msako ule wote hakugusa hata punje ya sukari ya serikali.

Mama, macho kwenye ufumaji wake: "Na zile kilo mbili za arubaini ya Zuhura?"

Mzee kaongeza sauti ya TV.